Karai la Bafta

Ameletwa ndani ya kapu la ukindu, kifuniko kimefungwa kwa utepe wa suruali:
paka dume mweupe, sikio moja limeliwa na ugomvi wa zamani.
"Jina lake Bafta," alisema Mwanakheri, mtoto wa marehemu,
"na Muheza siwezi kwenda naye. Mume wangu hupiga chafya."
Akaliacha kapu juu ya cherehani, akawahi gari.

Nikamnunulia beseni la bluu, soko la Mgandini.
Nikachota mchanga kwenye jengo la jirani,
nikauchekecha kwa chekeche la unga
(nilinunua jingine baadaye, msiniulize),
nikaliweka karibu na choo, mahali pa staha,
nikamketisha katikati kama bi harusi.
Akaunusa mchanga. Akanitazama.
Akatoka akinyanyua miguu juu, juu,
akaenda kukojoa kwenye gauni la sare la Madina Shekimweri,
la harusi ya Jumamosi.

Mkojo wa paka dume haupigi hodi.
Nimeufulia sabuni ya mche, ndimu, siki,
nimeufukizia udi mpaka moshi ukanitoa machozi,
nyumba ikanuka harusi na mkojo,
harusi na mkojo.
Barabara ya kumi na nne nzima ilijua.
Wateja wanakaa ukingoni mwa kiti:
"Fundi Mwantumu, leo nina haraka, vipimo chukua vya mwaka jana."

Msala niliuosha mara saba.
Mwalimu Jongo akacheka: saba ni za mbwa, mama, huyu ni paka.
Nikamwambia, huyu ni paka kwa sura tu.

Wakasema: msukumie pua pale pale, umtie kandambili.
Nilifanya. Mara moja.
Hakulia. Alifumba macho tu,
akangoja nimalize.
Siku mbili akalala juu ya kabati,
na huko huko juu akakojoa.
Kandambili nimeivaa, sijaishika tena.

Bwana mifugo wa Chumbageni alimpapasa tumbo,
akautazama mkojo kwenye kichupa, mbele ya dirisha.
"Hana ugonjwa. Mkojo wake safi."
Safi!
"Kule alikotoka," akauliza, "alikuwa anajisaidia wapi?"

Nikanyamaza.
Miaka kumi na mmoja tumegawana ukuta, mimi na Bi Hadia.
Nimeazima kwake chumvi, sindano, mwavuli,
nimemshona sanda yake kwa mkono huu.
Paka wake anajisaidia wapi, sijapata kuuliza.

Mwanakheri kwenye simu alicheka, kisha akakatika sauti.
"Mama si alikuwa anapikia vifuu? Majivu akiyamwaga
kwenye karai lililotoboka, chini ya ukuta wenu.
Mchanga? Bafta hajui mchanga."

Mimi napikia gesi. Mtungi hauzai majivu.

Basi kila Alhamisi naenda na kopo la rangi
kwa mama Sechonge, muuza mihogo ya kuchoma.
Anadhani nasugulia sufuria.
Siku hizi ananitazama kama mtu anayeenda kwa mganga.
Mwache adhani.

Beseni la bluu nalowekea vitambaa.
Karai nililiweka uani, akalikataa,
nikalisogeza ukumbini, akalikataa,
sasa liko ubavuni mwa cherehani, chini ya ukuta, alipotaka yeye,
na mteja akija analiruka.
Juzi amekosea tena, kwenye pindo la pazia.
Kidogo. Nimefua, sikusema neno.

Usiku nikizima taa namsikia akifukua:
kwaru, kwaru, kimya, kwaru.
Sauti hii naijua.
Miaka yote ile ilinijia kupitia ukuta huu,
nami nikigeuka kitandani, nikinung'unika:
Bi Hadia naye, saa hizi, anakuna nazi ya nini?