Dawa ya Deni

Redio ya kwanza: Wagiriki wavivu.
Ya pili: deni lote ni hila za Wajerumani.
Nimezima zote mbili.

Hapa Volos, Evanthia ni wa arobaini
kwenye foleni ya benki;
noti tatu za ishirini ndio mgawo wake wa leo.
Hajawahi kukopa hata chumvi.
Nyuma yake Stamatis, karani mstaafu wa forodha,
anasema bila kuulizwa:
"Mimi bahasha nilipokea. Mara mbili."

Sauti hiyo mtaiweka upande gani?

Dawa ya deni kulipa, mnahubiri.
Evanthia ameuza dawa miaka thelathini na mmoja;
kabla hajafungua kabati
huuliza mgonjwa ni nani,
na jana alikula nini.