Mgao

Baba alipokufa, kihamba alipewa Ndelilio,
kitindamimba, kama mila inavyotaka.
Mimi binti nikapewa sufuria mbili na vitenge vya mama.
Hakuna aliyetaja sukari.

Leo Mawenzi, foleni ya Jumanne,
nesi kanichoma kidole: kumi na nne nukta mbili.
Benchi la nyuma, nani yule kama si Ndelilio,
kadi yake ya kliniki kaikunja mara nne
kama noti ya kuficha.

Kumbe hili tuligawana sawasawa.
Vinasaba havikuuliza nani wa kiume.

Daktari anasema mbegu si mti.
Bibi naye labda alikuwa nayo, mbegu hii hii,
akapandisha vilima vya Machame na mzigo wa majani kichwani,
akala mshare wa kuchemsha, maharage, mnafu mchungu,
akafa na miaka tisini na miguu yake miwili.
Sisi tuliimwagilia maji:
soda kila kipaimara,
chai ya vijiko vitano pale stendi, chapati juu yake,
bodaboda hadi mlangoni.

Ndelilio kaninong'oneza, "Dada, na mbege je?"
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu vidole vya mguu wake
ndani ya ndala.
Tisa.

"Njoo Jumamosi uchume mnafu," akasema,
"shamba ni lako pia."
Miaka ishirini na mmoja nimelisubiri neno hilo,
likaja na harufu ya spiriti.

Nitashukia njia panda.
Kule juu nitapanda kwa miguu.