Picha Mbichi

Wenzangu husema picha hupigwa.
Zangu hupigwa, kisha hupikwa,
maana kamera hii, niliyoinunua Nakuru
kwa mtu aliyechoshwa na arusi za watu,
hunipa faili mbichi, nzito, za kijivu
kama unga wa mtama ambao maji yake hayajachemka.

Jiko ndilo linalonisumbua.

Kuna programu ya kwanza, maarufu, nadhifu,
inayodai dola kila mwezi kama mwenye nyumba:
usipolipa tarehe moja hufunga mlango
na vyombo vyako viko ndani.
Ochwada, fundi simu wa hapa jirani,
anayo iliyovunjwa kufuli.
"Chukua. Nani atajua, hapa Chavakali?"
Nikamkumbuka mteja niliyemdai akaniambia,
"Ni picha tu, kwani umepoteza nini?"
Nikamrudishia flashi yake.

Ya pili hununuliwa mara moja.
Bei yake: arusi mbili na ubatizo.
Ina haraka, haiulizi;
ukiipa uso mweusi hudhani ni kosa,
huumwagia mwanga
mpaka shangazi wa bibi arusi akawa rangi ya chapati.
Nilivuta vitelezi kumrudisha.
Alirudi nusu.

Ya tatu ni ya bure kwelikweli,
imeandikwa na watu wasionijua, wasionidai.
Vitufe vyake ni vingi kuliko vifungo vya kanzu ya padri,
na mwongozo wake niliusoma
hadi jogoo wa Mama Kavaya akawika kunishangaa.
Kompyuta ikiifungua huvuma
kama kinu cha mahindi siku ya soko.

Nikazijaribu zote kwa picha moja:
arusi ya Kageha, Sabatia, Jumamosi ya mvua.
Hema jeupe, keki imeinama,
wasimamizi wanacheka, matope hadi vifundoni,
na upande wa kushoto, penye migomba, giza tupu.
Kwenye kioo kidogo cha kamera giza lile lilikuwa ukuta.
Ningelikata tu. Picha ingependeza.

Saa sita usiku, stima iliporudi,
nikakisogeza kitelezi cha vivuli kulia,
polepole, kama mtu anayefunua sufuria
asitake kuamsha watoto.
Migomba ikatoka kwanza.
Kisha mkono.
Kisha kofia iliyoshikwa kifuani.
Kisha, katikati ya chengachenga za zambarau,
Lugalia,
ambaye kadi ya mwaliko haikumtaja,
aliyeondoka Kageha akiwa darasa la tatu,
amesimama mvuani bila mwavuli,
viatu vimepigwa rangi.

Ya kwanza ilimtoa wazi mno, kama mwizi kwenye tochi.
Ya pili ilimsafisha pamoja na chenga zake, akawa jani.
Ya tatu ilimwacha pale pale alipojiweka:
ukimtafuta, yupo.

Mbivu na mbichi zitajulikana, wanasema.
Hawasemi ni nani atakayemjulisha Kageha.

Asubuhi akapiga simu. "Picha ziko tayari?"
Bado, nikasema, nachagua programu.
"Programu gani tena? Yule wa Mbale hutoa siku hiyo hiyo."
Najua, nikasema.
Akanyamaza kidogo, kisha akauliza
kama nilipiga upande ule wa migomba.
Nikasema nilipiga pande zote.
"Haya," akasema, na hakukata simu,
nikawa nasikia maji yakimwagwa kwao, na redio.

Zile mbili nimezifuta.
Siku nne za majaribio zilizobaki wazile wenyewe.
Kinu changu kinavuma, chumba kimepata joto,
na picha ya arubaini na moja
nimeitoa bila kuikata.
Ile mbichi yake nayo nimeiweka,
ingawa diski imejaa
na Jumamosi nina arusi nyingine, Majengo.