Mara Saba, Moja kwa Udongo

Mbwa wetu tulimwita Watasema,
na Muyuni kweli walisema:
nyumba ya Vuai Mcha malaika hawaingii.
Baba akajibu, na nguruwe hawaingii;
muhogo wangu uko, wenu uko wapi?

Kila alasiri akirudi kusasa,
suruali imejaa miba na matone,
Watasema alimramba vidole kimoja kimoja
kama anayehesabu iwapo vyote vimerudi.
Naye baba, bila hasira, huyoo mtungini:
mara ya kwanza kwa udongo,
sita kwa maji ya kata.

"Mbona anakuramba?"
"Chumvi. Mtu akifanya kazi huwa ng'onda."

Bi Mize wa jirani,
asiyempenda mbwa wala mwenye mbwa,
alisema anamwonja,
siku ya siku ajue pa kuanzia.

Bwana mifugo aliyekuja na sindano za kichaa
akatupa jingine: kitoto cha mbwa
humramba mama yake kinywani
amtapikie alichombebea tumboni.
Huota meno, huota ndevu,
ulimi haukui.

Baba alikufa masika, Jumatano, mvua haijakatika.
Siku tatu za matanga Watasema alifungwa
kwenye mkorosho nyuma ya choo,
asije akawagusa watu kanzu.
Ya nne nikampelekea ukoko wa wali.

Hakuutazama.
Alinishika mkono
uliotoka kukunja shuka la baba la msasani
ambalo hakuna aliyethubutu kulifua.
Akaramba kiganja, akaramba kifundo,
akaingia baina ya vidole,
akatafuta, akapata, akatafuta tena.
Sijui alisoma nini.
Nimeandikwa mimi, na kusoma sijui.

Nilimwacha mpaka akachoka.
Mate yakaanza kukauka, mkono ukabana.

Kisha nikachota udongo, mkavu, wa chini ya upenu.
Ukakutana na mate, ukawa tope dogo kiganjani,
zito, la baridi,
na mkono ukakumbuka kabla yangu:
hivi ndivyo lilivyokuwa lile
nililolisawazisha mwanandani
kumlaza baba shavu.

Nikasuguza. Nikamimina.
Moja.
Mbili.
Watasema amejilaza kizingitini,
kidevu juu ya miguu, macho kwenye kata.
Hesabu hii anaijua kunishinda.

Anangoja saba.