Nzuri, Ila

Namba yangu arobaini na saba.
Mashine ya mlangoni iliitema kama risiti ya kilo ya sukari,
nikakaa chini ya kulabu za makoti,
theluji ya viatu ikiyeyuka sakafuni.
Saskatoon, Januari, saa nne asubuhi.
Nami nilitoka Lushoto nikijigamba
kwamba baridi naijua.

Bi Orisia alilikata jina langu vipande vitatu,
Sem, bo, ja,
akakiomba radhi kila kipande.
Alikuwa na nywele za paka kwenye sweta
na kibakuli cha mbegu za alizeti.

Habari? Nzuri.
Masomo? Yanakwenda.
Nyumbani? Hawajambo.

Ndivyo tulivyolelewa:
nyumba ikiungua, habari ni nzuri kwanza,
moto utasimuliwa baada ya chai.

Yeye hilo hakulijua. Alijua kungoja tu.
Kompyuta ilimwonyesha masomo mawili niliyoyaacha Novemba,
hakuigeuza kunisuta.
Alibangua mbegu. Moja.
Nyingine.

Nikashukuru, nikavaa kofia, nikashika kitasa.
Nzuri, nikasema, ila.

Kwa Kiingereza lilitoka refu,
moyoni lilikuwa herufi tatu,
kiungo cha sentensi na doa la nguo, neno hilohilo.

Ila baba amefariki.
Ila ujumbe ulinikuta maabara, *tumeshamzika*,
nami nina chupa ya asidi mkononi,
na asidi haiwekwi chini kwa pupa.
Ila kibali changu kinataka mwanafunzi kamili
nami nimebaki nusu.
Ila viatu vinavuja.

Alisema samahani, kama mtu aliyenikanyaga.
Lugha yake haina pole,
basi akaitafuta kwenye droo:
fomu ya likizo,
barua kwa mkuu wa kitivo,
tarehe ya kibali akaizungushia wino mwekundu,
hii usiivuke kabla hujaniona.
Penye *uhusiano na marehemu*
paliachwa nafasi ya neno moja.
Nikaandika Baba.
Akalitazama, hakulisahihisha.

Kabatini akatoa mabuti ya mtu aliyehitimu,
ndani yameandikwa kwa kalamu nzito: Oyelaran.
Yalinipwaya upana wa kidole.
Sijui Oyelaran alikuja na ila gani.
Alikanyaga sana upande wa kisigino cha kushoto.

Saa nne usiku, kwao kumekucha,
nikampigia mama.
Habari za huko?
Nzuri, mwanangu.
Za shamba?
Nzuri.

Zamani ningeaga hapo, salio lisiishe.
Nilikuwa kitandani na mabuti miguuni,
nikisikia jogoo, mfuniko wa sufuria,
mtu akikohoa uani.
Sikuuliza tena.
Nikangoja.