Dirisha la Kaskazini

Muuzaji anaitwa Tuulikki. Ana udongo kwenye kucha
na hana haraka.
"Dirisha lako linatazama wapi?"
Kaskazini, nikamjibu. Linatazama maegesho ya magari
na, Januari hii, giza linaloanza saa tisa alasiri.

Basi ni miwili tu ya kufikiria.
Wa kwanza, monstera. Huku kwetu Tampere
tunauita jani la zimwi:
majani mapana kama sinia, yametoboka-toboka
kana kwamba kuna aliyeyaonja akaghairi.
"Hayaugui," Tuulikki akawahi. "Ndivyo yanavyokua.
Machanga hayana tundu hata moja.
Matundu huja na umri."
Nikacheka. Peke yangu.

Wa pili ni pothosi, mtambaaji wa dhahabu,
vijani vya umbo la moyo, vimerushiwa manjano
na mtu mwenye brashi isiyotulia.
"Huu haufi. Usahau mwezi mzima, utaukuta.
Uweke gizani, utaukuta."
Dada yangu Saimi alishaniambia kwa simu:
chukua huo, Orvokki, umeuguza vya kutosha.

Ni kweli. Miaka minne nilimgeuza Taisto kitandani,
kulia, kushoto, saa nane usiku, saa kumi,
nikahesabu vidonge, nikampimia maji kwa kijiko.
Sasa mikono huamka saa nane
na haina wa kumgeuza.
Ndiyo maana kitu kisichonihitaji
kinanitia hofu kidogo.

Nikalishika jani la zimwi. Zito, la baridi,
kama sikio la mnyama mkubwa aliyelala.
Euro thelathini na nne. Nikafungua pochi.

"Umekuja na gari?"
"Na tramu."
Tuulikki akachungulia kipimajoto nje ya kioo:
kumi na nane chini ya sifuri.
"Mama, hadi kituoni ni dakika sita.
Dakika mbili zinatosha
kuyafanya majani haya mchicha uliochemshwa."

Kwa hiyo iliyochagua ni baridi, si mimi.
Pothosi ukavikwa gazeti la juzi, tabaka tatu,
ukaingia ndani ya koti langu, chungu kikanikaa tumboni,
nami nikatembea nimejikumbatia
kama mwizi wa mkate.
Kwenye tramu kijana mmoja akanipisha kiti,
macho yake kwenye tumbo langu. Nina miaka sabini na moja.
Nilikaa.

Nyumbani nikaufunua. Jani moja tu limeumia.
Gazeti sikulitupa: lilikuwa na chemshabongo,
na aliyeianza alikwama kwenye jina la mto, herufi tano.
Taisto naye hakuwahi kuijua mito.
Nikaijaza.

Sasa uko juu ya friji. Unaning'inia, hauulizi kitu.
Saa nane usiku niliamka, nikagusa udongo wake.
Una unyevu bado. Nikarudi kulala.

Machi, baridi ikilegea, nitaazima sleji ya Saimi
na blanketi lake la sufu.
Sijamwambia ni la kazi gani.