Hakuna Lenzi

Jumamosi, Tbilisi, kwenye Daraja Kavu,
Shalva ametandika shuka la kitanda juu ya boneti ya gari:
vijiko visivyofanana, medali za vita vya wengine,
kipimajoto kilichokwama kwenye nyuzi kumi na nane,
na lenzi, nzito kama kijiwe cha kupondea kitunguu saumu,
milimita hamsini na nane, kifuniko chake kizibo cha mtungi wa jemu.
"Lari arobaini," akasema. Nikampa thelathini na tano
na nusu ya mkate wangu wa jibini.

Nyumbani nikaipangusa. Ndani, kati ya kioo na kioo,
kuvu imechora mto mwembamba na vijito vyake.
Pete inazunguka kwa uzito wa asali wakati wa baridi:
grisi ya kiwanda kilichofungwa kabla sijazaliwa.

Kati yake na kamera yangu, adapta,
bangili ya alumini, tupu katikati.
Haina kioo, haina waya, haina akili.
Kazi yake ni kushika umbali tu,
kama mkalimani aliyeamua kunyamaza
awaache wakwe watazamane.
Nikaikaza. Kamera ikaandika kwa herufi nyeupe:
Hakuna lenzi.

Imenilemea mkononi, nayo inasema hakuna!
Ilibidi niingie kwenye menyu, ukurasa wa sita,
nitafute kijisentensi kilichojificha:
piga bila lenzi. Ruhusu.
Nikaruhusu.

Siku za kazi napiga picha za nyumba zinazouzwa.
Lenzi ya kazini haina haja nami:
hulikamata jicho kabla sijaliona,
hulia tii, imekwisha.
Hii hailii. Hii inangoja.
Wekundu mwembamba unatambaa kwenye kingo za vitu
kunionyesha palipo wazi:
sikio, sasa nywele, sasa kope, sasa tena sikio.
Mama mkwe, Lamara, yuko uani anavunja kokwa za jozi.
"Umemaliza?"
"Bado."
"Basi mimi nimemaliza,"
akacheka, kichwa kikarudi nyuma vidole viwili,
na hapo hapo nikabonyeza.
Macho yamepotea. Kilichotoka wazi ni nyundo.
Nyuma yake majani ya mzabibu yanazunguka,
yanazunguka kama maji yanayoishia kwenye sinki.
Sijawahi kumpiga picha iliyomfanana kama hii.

Kwenye faili, kompyuta imeandika saa, tarehe, kasi.
Mahali pa lenzi: mstari mtupu.
Mahali pa tundu: sifuri.
Yaani mwanga uliingia pasipo na mlango.

Jumamosi iliyofuata nikampelekea Shalva picha ile.
Akaitazama, akaigeuza, akatafuta maandishi mgongoni.
"Na kamera yako mpya imesemaje juu yake?"
"Imesema haipo. Hakuna lenzi."
Akacheka mpaka akakohoa, akashika boneti.
Miaka thelathini na mmoja, akasema, alikaza pete kama hizi
katika karakana ambayo leo ni duka la vigae.
Alikwenda ofisi ya pensheni na kitambulisho na mikono yake.
Binti wa dirishani akabofya, akabofya, akamwambia:
Hakuna.

"Huko hawana menyu?" nikauliza,
nikajuta kabla neno halijatua.
"Wanayo," akasema. "Ukurasa wa sita.
Bado sijamwona aliyefika."

Nikainua kamera. Akafunga kifungo cha juu cha shati.
Nikazungusha pete: medali, kijiko, mkono,
ndevu, nikapitiliza, nikarudi.
Upepo ukainua pembe ya shuka, akaikandamiza.
"Tayari?"
"Bado. Usisogee."
"Sisogei," akasema, akisogea.